Je, wajua? Chungwa likishatoka mkononi, hakuna kinacholisukuma juu

Rusha chungwa wima. Limeshaachana na mkono wako na bado linapanda. Ni kani zipi, yaani kusukumwa au kuvutwa na kitu kingine, zinalikabili hapo?

Nimesahihisha swali hili miaka mingi, na karibu kila darasa naukuta mchoro uleule: mshale mrefu wa kwenda juu, "kani ya mkono", na mfupi wa kwenda chini, "mvutano wa dunia". Kileleni mishale inalingana, kisha chungwa "linaishiwa nguvu" na kuanguka.

Tukiacha ukinzani wa hewa, ambao hapa ni mdogo, mshale ni mmoja tu: wa chini. Nao haupungui wala hauongezeki, tangu vidole vinapoachia hadi unapolidaka. Mkono husukuma kile unachokigusa. Ukiachia, kani yake imekoma papo hapo; chungwa limeondoka na mwendo tu.

Linapandaje basi? Newton alilieleza hili mwaka 1687: kitu kinachokwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee kwenda. Kani huhitajika ili kuubadili mwendo wake. Tuseme chungwa limetoka na mwendokasi wa mita 10 kwa sekunde. Dunia hulipunguzia takriban mita 10 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya nusu sekunde limebakiwa na 5. Sekunde moja ikitimia halina kitu, na liko mita 5 juu ya mkono. Hapo kileleni kani zingekuwa zimelingana kweli, chungwa lingebaki linaning'inia hewani.

Wanafunzi siwalaumu hata kidogo. Jean Buridan, msomi mkubwa wa Paris katika karne ya 14, naye alifundisha kwamba mrushaji hutia msukumo unaokaa ndani ya kitu. Tena mkokoteni ukiacha kuusukuma husimama, na msuguano unaousimamisha hauonekani kwa macho. Halafu kuna neno letu "nguvu", ambalo mtaani hubeba kani, nishati na uwezo kwa pamoja. Tunaposema mpira umeishiwa nguvu, anayesikia anadhani kuna kani iliyokuwa ndani yake ikaisha. Fizikia inalihitaji sana neno "kani", na ningependa lisikike hata nje ya darasa.

Siku hizi nadai kila mshale uandikwe jina la mwenyewe, yule anayesukuma au kuvuta wakati huohuo. Dunia ipo, inavuta. Mkono uko mita 5 chini, umefunguka, unasubiri kudaka.