Ukulele Lubumbashi: gumba linatafuta besi

Kikundi chetu cha ukulele, vile vigitaa vidogo vya nyuzi nne, kikitoka kwenda kupiga nje, iwe kwenye bustani ya wanyama au kule ziwa Kipopo, swali la kwanza huwa ni la kimo. Papa mmoja, mzee wa mtaa wa Kamalondo, alilisema vizuri kuliko wote: «Batoto, iyi gitare ilikatala kukomea?», yaani ilikataa kukua? Tulicheka, tukampa kiti. Alisikiliza kidogo, halafu akauliza lile lenye uzito: besi iko wapi?

Hakukosea. Masikio ya Katanga yamelelewa na gumba. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alichombeza gitaa kwa vidole viwili: gumba linatembeza besi bila kusimama, cha shahada kinaimba juu yake. Mpaka leo mtu wa hapa akisikia nyuzi bila besi, kwake wimbo haujaanza.

Ukulele haikuundwa kwa kazi hiyo. Ilizaliwa Hawaii kutokana na vigitaa vya kisiwa cha Madeira, vilivyofika Honolulu na wahamiaji wa Kireno mwaka 1879. Nyuzi zake nne ni sol, do, mi, la, lakini ile sol inayokaa karibu na gumba si nene: sauti yake iko juu kuliko do na mi. Ukizikwangua zote pamoja ni raha tupu. Ukitaka kutembeza besi ni mtego, gumba linatafuta sauti nzito na kukutana na nyembamba.

Dawa ni kuishusha sol oktavu nzima, yaani mpaka sol inayofuata chini yake, na si kwa kulegeza uzi uliopo, maana utalegea kama kamba ya nguo. Unahitaji uzi mwingine. Sisi tunachukua ule wa nne, wa re, kwenye seti ya gitaa ya nailoni. Kwenye ukulele ya aina ya tena (tenor), iliyo kubwa kuliko soprano, yenye uzi wa kama sentimita 43, unakaza vizuri na kutoa sol ya chini safi. Kwenye soprano, ambayo ni fupi zaidi, unalegea, kwa hiyo soprano zetu tunaziacha na sol ya juu. Panueni kidogo mfereji wa uzi pale shingoni kwa msasa, polepole. Na tafadhali, nyuzi za chuma hapana! Zinang'oa daraja lote, kile kipande kinachoshika nyuzi kifuani mwa chombo.

Basi tukitoka tunagawana kazi. Wenye tena wanashika besi kwa gumba, soprano zinakwangua, na mmoja au wawili wenye vidole vyepesi wanachombeza juu. Ukulele haina sauti kubwa, na uwanja wazi unaimeza. Tunatafuta ukuta na kuupa mgongo, tunasimama kwa upinde, waimbaji katikati. Pale Kipopo hakuna ukuta na upepo wa ziwa hauna huruma, kwa hiyo kule tunapigiana wenyewe na kula samaki. Sioni ubaya.

Jua nalo lina mambo yake. Nailoni ikipata joto inalegea, na ukulele iliyokazwa sebuleni inafika uwanjani ikiwa imeshuka. Tunaziweka kwanza kivulini palepale, ndipo tunakaza. Tangu Mei hadi Septemba, mvua ikiwa imekatika, hewa ya Lubumbashi inakauka mpaka mbao zinajikunja, na ncha za vyuma vya shingo zinachomoza na kukwaruza kiganja. Kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ndani yake kitambaa chenye unyevu, kikilala ndani ya mfuko wa ukulele kinasaidia sana. Kitambaa kikamuliwe kwanza; kikichuruzika kinaharibu gundi.

Safari ninazozipenda ni zile za kukutana na wapiga karindula. Chombo chao kina nyuzi nne kama chetu, ila mwili wake ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, na ngurumo yake inasikika mitaa kadhaa. Hapo hakuna anayeuliza besi iko wapi. Tulijaribu kupiga nao pamoja: wasikilizaji waliona mikono yetu ikienda, sauti hawakuipata. Siku hizi tunaomba tuanze sisi, nyimbo chache, kisha tunawekelea ukulele mifukoni na kucheza ngoma na wengine.