Harufu ya Kitunguu Saumu Ambacho Hukukila: Maswali na Majibu Kuhusu Teluri

Maswali haya yametoka kwa mafundi, wazazi na vijana wa vyuo vya ufundi wa Kisumu, Nakuru na Kakamega.

Teluri ni kitu gani?

Ni elementi nambari 52, alama yake Te. Inang'aa kama fedha, lakini ukiigonga nyundo haikunjiki, inavunjika na kuwa unga. Iligunduliwa mwaka 1782 na Franz-Joseph Müller, katika mawe yenye dhahabu ya eneo la Transylvania, ambalo leo liko Romania. Ni adimu karibu sawa na platinamu. Nyingi inayouzwa duniani hutoka kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa kwa umeme. Mwili wa binadamu hauna kazi nayo yoyote inayojulikana.

Mimi ni fundi wa mashine ya kuchonga vyuma hapa Nakuru. Kwa nini shaba nyingine hutiwa teluri?

Ili ikubali kuchongwa, ndugu yangu. Unajua shaba tupu inavyosumbua: taka zake hutoka ndefu, zinajisokota na kuzonga kisu cha mashine. Ikitiwa teluri kama nusu asilimia tu, taka hukatika fupifupi na kazi inatoka safi. Chuma cha pua na risasi pia hutiwa. Teluri imo vilevile katika aina fulani ya paneli za sola, pamoja na kadimi, na katika vipoozi vidogo vya umeme visivyotumia gesi.

Kuishika shaba hiyo mkononi si tatizo. Tatizo ni kuiyeyusha au kuisaga mahali pasipo na hewa ya kutosha, kwa sababu moshi na vumbi huingia mapafuni. Kipimo kinachotumika Marekani ni kwamba hewa ya kazini isizidi miligramu 0.1 za teluri kwa kila mita moja ya ujazo.

Ni kweli inamfanya mtu anuke?

Ni kweli kabisa. Teluri ikishaingia mwilini, mwili huigeuza kuwa gesi iitwayo dimethili teluridi. Damu huibeba gesi hiyo hadi mapafuni, nayo hutoka kwa pumzi. Hutoka pia kwa jasho na mkojo. Harufu yake ni ya kitunguu saumu, nzito. Teluri ni ya ukoo mmoja na salfa, na salfa ndiyo inayokipa kitunguu saumu chenyewe harufu yake.

Katika majaribio yaliyoandikwa mwaka 1884, watu waliojitolea walipewa oksidi ya teluri. Kiasi kidogo mno, nusu ya sehemu moja ya milioni ya gramu, kiliwanukisha kwa saa 30 hivi. Aliyepewa miligramu 15, kiasi ambacho kingekaa kwenye ncha ya kisu, alinuka kwa siku 237.

Ndiyo maana mswaki na peremende havisaidii. Harufu haitoki mdomoni. Kinachosaidia ni kuacha kuivuta au kuigusa teluri, kisha kusubiri mwili uitoe polepole. Nawaomba sana wenzake wa kazini na wa nyumbani wasimcheke wala kumtenga mtu anayenuka hivi. Akiona aibu atajificha, na akijificha hatutajua kwamba hewa ya karakana yao ni chafu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza.

Dalili nyingine ni zipi? Inaweza kuua?

Mdomo kukauka, ladha ya chuma ulimini, usingizi mwingi, kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu. Chumvi zake zinazoyeyuka majini ndizo kali zaidi. Nchini Uingereza, katika kisa kilichoripotiwa mwaka 1946, wagonjwa watatu walitiwa chumvi ya teluri kimakosa hospitalini, wawili wakafa. Watoto wadogo nao wamewahi kumeza maji ya kubadilisha rangi ya metali, yanayotumiwa na wasanii. Walitapika na midomo yao ikageuka nyeusi kwa ndani.

Mume wangu ametoka shambani akinuka kitunguu saumu na hajakila. Ni teluri?

Mama, huku kwetu hilo lisiwe wazo lako la kwanza. Teluri ni adimu, lakini dawa za kunyunyizia mimea na za kuogeshea ng'ombe ziko karibu kila boma, na kadhaa kati yake zina harufu inayofanana na hiyo. Dawa fulani za panya pia.

Mtazame. Kama mate yanamtoka, anatokwa jasho na machozi, mboni za macho zimesinyaa zikawa nukta, misuli inacheza au anapumua kwa shida, hiyo ni dharura. Mvue nguo, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, wewe ukiwa umevaa glavu. Usimpe maziwa wala mafuta, na usimtapishe. Mkimbize hospitalini na kopo la dawa, ili daktari aisome lebo. Kwa sumu nyingi za aina hii hospitali ina dawa ya kuzikabili, ila dakika ni muhimu. Tafadhali usingoje kupambazuke.

Tunapochoma mawe ya dhahabu Kakamega tunasikia harufu hiyo hiyo.

Mawe mengi yenye dhahabu yana arseniki, na ikichomwa hunuka kitunguu saumu. Arseniki ni hatari kuliko teluri, na husababisha saratani. Hapo hapo mara nyingi kuna zebaki inayochomwa kwenye karai, ambayo hainuki kabisa na huharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Msichomee jikoni wala uani wanapocheza watoto, na mjamzito asikaribie kabisa.

Nasikia DVD nazo zina teluri. Watoto wangu wanazichezea.

Zile za kurekodi na kufuta zina utando mwembamba wenye teluri, uliofungiwa ndani ya plastiki. Wacha wacheze. Usizichome tu pamoja na takataka.