Kibanda cha kupulizia rangi karakanani: hesabu hewa kwanza, feni baadaye

Kona iliyozungushiwa turubai na kufungwa feni ya ukutani si kibanda cha kupulizia rangi. Ukungu wa rangi unazunguka humo humo, vumbi la msasa linapenya chini ya turubai, na mlango uliopigwa klia (vanishi angavu) asubuhi unakutwa na chunusi jioni. Kibanda ni hewa iliyochujwa inayoingia upande mmoja, ikapita kwenye kazi kwa mwendo usiobadilika, ikatokea upande wa pili. Kuta zipo ili kuiongoza tu.

Nachukua mfano wa kibanda cha fundi fanicha, kinachotosha milango na makabati: upana mita 2.4, kimo 2.1, urefu 3.5. Hewa inatakiwa isogee kama nusu mita kwa sekunde. Zidisha 2.4 kwa 2.1, unapata mita za mraba 5.04, zidisha kwa 0.5, zinakuja mita za ujazo 2.5 kwa sekunde, yaani kama 9,000 kwa saa. Feni iliyoandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika) inatakiwa iwe na kama 5,300. Urefu haumo kwenye hesabu hii. Kibanda ukikirefusha, feni ni ile ile. Ukikipanua nusu mita tu, feni nayo lazima ikue.

Namba iliyobandikwa kwenye feni mara nyingi imepimwa bila kizuizi chochote mbele yake. Weka chujio, bomba na kona moja, hewa inapungua sana, na feni nyepesi za dirishani hufika mahali zikawa zinazunguka tu bila kusukuma kitu. Mwambie muuzaji akuonyeshe inatoa hewa kiasi gani ikikabili kizuizi cha paskali 250 (paskali ni kipimo cha shinikizo). Asipokuwa na jedwali hilo, nenda duka jingine. Kwa kibanda hiki tegemea feni ya bomba ya inchi 24 hivi yenye mota ya kilowati 1.5.

Mota ikae nje ya njia ya hewa na izungushe feni kwa mkanda na puli. Mota nyingi za umeme wa laini moja zina swichi ndani inayotoa cheche kila zinapowaka, na hewa inayopita pale imebeba mvuke wa tina (kiyeyushi cha rangi). Mapanga yawe ya aluminiamu. Pangaboi lisikaribie kabisa: linavuruga hewa na kuangusha vumbi la darini juu ya kazi mbichi.

Fremu ni skwea paipu ya inchi moja na nusu, kuta ni bati bapa au jipsamu, ndani rangi nyeupe. Nailoni na turubai ni rahisi, lakini zikishika moto hupati muda hata wa kutafuta mlango. Kila kiungo kizibwe kwa silikoni. Taa zikae nje, nyuma ya kioo kisichofunguka kilichozibwa pembeni, na swichi zote nje. Fremu, bomba na meza ya kazi viungwe kwa waya hadi kwenye ethi.

Ukuta wa nyuma wote uwe chujio. Mafundi wengi hutoboa tundu moja la feni katikati ya ukuta na kulifunika kwa kipande cha chujio. Hewa inakimbilia pale katikati, pembeni inalala, na ukungu wa pembeni unatua kwenye kazi. Jenga wavu wa kushikilia vichujio kuanzia sakafuni hadi juu, uache chumba cha sentimita 50 nyuma yake, kisha feni inyonye kutoka kwenye chumba hicho. Vichujio viwe vya nyuzi za kioo vya kunasa rangi: upande uliolegea umwelekee mpulizaji, ulioshikana umwelekee feni. Ukivigeuza, vinaziba usoni mapema mno.

Sasa hewa ya kuingia, ambayo ndiyo husahaulika. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Kwa mita za ujazo 2.5 kwa sekunde weka vichujio vya kuingizia vyenye jumla ya mita za mraba 2.5, yaani vipande kumi vya nusu mita kwa nusu mita, kwenye milango ya mbele. Vikipungua, kibanda kinanyonya kwa nguvu kupitia kila ufa, na hewa ya ufa haijachujwa. Dalili yake ni mlango kuwa mzito kufungua feni ikiwa imewashwa. Vumbi likionekana kwenye kazi, watu hulaumu chujio. Angalia kwanza chini ya mlango.

Bomba la kutolea hewa liwe la bati, kipenyo sentimita 60, lipande moja kwa moja hadi mita moja na nusu au mbili juu ya paa. Usilivike kofia ya bati. Inarudisha ukungu chini, kwenye madirisha ya jirani. Na usilitoe ubavuni. Pwani ukilielekeza kusini-mashariki, kusi likianza upepo unashindana na feni yako miezi mitano.

Kujua chujio limejaa, tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uukunje kama herufi U, utie maji yenye rangi kidogo. Ncha moja iingie kwenye chumba cha nyuma ya vichujio, nyingine ibaki ndani ya kibanda. Tofauti ya milimita moja ya maji ni takriban paskali 10. Andika ukutani kipimo cha vichujio vipya; kikizidi hapo kwa milimita 10, badilisha. Kungoja hadi ukungu uonekane umesimama hewani ni kuchelewa.

Swali la moto lina hesabu yake. Lita moja ya toluini, ambayo ipo kwenye tina nyingi, ikikauka inatoa lita 230 hivi za mvuke, na mvuke huo huanza kuwaka ukifika asilimia 1.1 ya hewa. Ukipuliza lita hiyo kwa dakika kumi, feni yetu inakuwa imepitisha mita za ujazo 1,500, kwa hiyo mvuke ni kama asilimia 0.015. Uko mbali na kuwaka. Lakini hizo ni sehemu 150 katika milioni, na kwa mapafu ni nyingi. Feni inazuia moto. Barakoa ya katriji za mvuke yenye chujio la vumbi mbele inabaki palepale. Kwa rangi za hadena zenye isosayaneti (kemikali ya kukaza rangi), mimi nasema hewa safi ya bomba usoni, maana isosayaneti haitoi harufu ya kukuonya katriji ikichoka. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hivyo feni ikizimwa unatambaa sakafuni. Iache izunguke dakika tano kabla ya kuanza na angalau kumi baada ya kumaliza. Ukiweza, mwambie fundi umeme afunge valvu ya hewa ya kompresa kwenye kontakta (swichi ya umeme inayowasha feni), bunduki ya rangi isipulize feni ikiwa imezima.

Vichujio vilivyojaa NC (vanishi ya nitroselulosi) vina hatari yao: unga mkavu wa NC unaweza kuwaka wenyewe, hasa ukichanganyika na mabaki ya rangi za mafuta. Vikitoka tu, viingie kwenye pipa la bati lenye maji na mfuniko, nje ya karakana. Kwenye mfuko wa taka ndani ya stoo, hapana.

Kabla ya kupuliza kazi ya mteja, washa feni, washa kijiti cha udi upite nacho kona zote. Moshi uelekee nyuma bila kuzunguka. Unapozunguka ndipo patakapotua ukungu. Zima udi na uutoe nje kabla ya kufungua kopo lolote. Kazi ikae mita moja kutoka kwenye vichujio vya nyuma, nawe usimame ubavuni. Badala ya kuizunguka kazi, izungushe kazi yenyewe.

Halafu kuna masika, ambayo feni haiitibu. NC ikigeuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa, tina imekauka haraka ikapoza uso wa mbao hadi unyevu wa hewani ukatua juu yake. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 85, uso ukipoa nyuzi tatu tu umande unatua. Kwenye asilimia 60 una nafasi ya nyuzi nane. Tumia tina ya kukausha polepole, punguza unene wa kila koti, na siku hizo usimwage maji sakafuni kuzuia vumbi. Koti likishaharibika, subiri jua litoke, puliza juu yake tina ya polepole kwa wepesi, weupe utaondoka. Msasa hauhitajiki.