Sonona na vipimo vya damu: kwa nini majibu hutegemea hata chupa

Hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona. Damu tunayotoa kliniki huwa ya kutafuta yanayofanana nayo: tezi ya shingo iliyolegea (hupimwa kwa homoni ya TSH), upungufu wa damu, vitamini B12.

Si kwamba hakijatafutwa. Mwaka 1981 daktari wa akili Bernard Carroll na wenzake walipendekeza kumpa mtu deksamethasoni (dawa inayoshusha kortisoli, homoni ya msongo) miligramu 1 saa 5 usiku, kisha kupima kortisoli kesho yake kuona kama imeshuka. Kipimo kiliwakosa wagonjwa wengi mno, na kikawanasa walevi na waliokonda ghafla.

Baadaye ikaja BDNF, protini inayotunza seli za neva. Kwa wastani iko chini kwa wenye sonona, lakini mimi siamini takwimu zake kabla sijajua damu ilishikwaje. Sehemu kubwa ya BDNF imehifadhiwa ndani ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Damu ikiganda kwenye chupa ya kofia nyekundu, chembe hizo huimwaga. Ukizungusha damu kwenye mashine ya kuitenganisha (sentrifuji) baada ya dakika 10 na mwenzako akazungusha baada ya dakika 60, mtapata majibu mawili kwa mgonjwa yuleyule. Plazima (majimaji ya damu isiyoganda) ya chupa ya zambarau nayo ina mtego wake: isipozungushwa vizuri, chembe sahani hubaki humo, na ukigandisha sampuli kwenye friza kisha ukaiyeyusha, zinapasuka na kipimo kinapanda. Kwa hiyo iweke kwenye baridi, izungushe mapema, hamisha plazima bila kugusa tabaka jeupe la chembe lililo chini yake, halafu izungushe tena kabla ya kuiweka kwenye friza.

CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, ndiyo inayonipa matumaini, tena si kwa kutambua ugonjwa, bali kwa kuchagua tiba. Katika jaribio la infliximab (dawa ya kupunguza uvimbe mwilini) lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 60 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia, dawa hiyo kwa ujumla haikuishinda dawa bandia ya kulinganishia (plasebo). Waliokuwa na CRP zaidi ya miligramu 5 kwa lita ndio walioelekea kunufaika. Agiza hs-CRP, yaani kipimo cha CRP chenye usikivu mkubwa, kwa sababu kipimo cha kawaida hakisomi vizuri viwango vya chini. Ikizidi 10, tafuta kwanza malaria, UTI au jino bovu, tibu, kisha rudia baada ya wiki 2. Unene na sigara pia huipandisha, basi andika uzito na uvutaji kwenye fomu ya maabara. Na usimwachishe mgonjwa dawa yake ya sonona kwa sababu ya namba hiyo peke yake.