Tabo haifi yenyewe, inauliwa

Juzi kaja dereva na Hiace yake ya dizeli hapa gereji Mwanakwerekwe, hata hajakaa ananambia fundi nibadilishie tabo (ile turbo inayoiongezea injini nguvu), hii ya pili mwaka huu. Nikamwambia kaa kitako kwanza yakhe, tusikimbilie spea.

Watu wengi wanadhani tabo inaongeza mafuta. Siyo, inaongeza hewa. Kilo moja ya dizeli ili iungue inataka kama kilo 14 na nusu za hewa, na injini ikijivutia yenyewe inapata kidogo tu. Si mnawaona wauza mishikaki pale Forodhani wanavyopepea jiko, mkaa ule ule lakini moto unapanda? Ndo hivo hivo, ila hapa moshi wa jiko ndo unaozungusha kipepeo. Moshi unatoka silinda na nguvu zake, badala ya kupotea bure ekzosi unapigishwa kwenye panga boi dogo, hilo lina shafti, na upande wa pili wa shafti kuna panga boi jengine linavuta hewa kutoka kwenye fita (chujio la hewa) linaishindilia injini. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alilisajili wazo hili 1905 na mpaka leo ni lile lile.

Hewa ikishindiliwa inapata moto (shika pampu ya baskeli ukishajaza mpira utajua) na ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, ndo maana gari nyingi zina intakula, ile kama rejeta, iipoze kwanza.

Kasheshe iko kwenye shafti. Nyembamba, haifiki hata kidole chako, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja inachomwa na moshi wa digrii 700 na kitu, na tabo nyingi hazina beringi za gololi, shafti inaelea tu juu ya utando wa oili. Oili ikikatika sekunde chache basi tena.

Basi kwenye ile Hiace nikavua mpira wa hewa unaoingia kwenye tabo, nikatia vidole nikaitikisa shafti: inacheza juu chini mpaka mapanga yanakwaruza ganda, ncha zishaliwa. Kweli imekufa. Lakini nikafungua na kile kipaipu kinachoilisha oili, nikakipuliza, wapi! Kimeziba oili iliyoungua, ngumu kama ukoko wa wali. Alofunga ile ya kwanza alibadilisha tabo paipu akaiacha, kwa hiyo mpya nayo imefungwa ife na njaa.

Ukoko unatoka wapi? Gari inatoka Nungwi mbio na abiria tele, dereva akifika tu anazima, pampu ya oili inasimama na tabo bado ya moto, oili iliyobaki ndani inakaangika. Iacheni ingurume dakika moja mbili bila kukanyaga mafuta, na oili badilisheni kwa wakati jamani.

Ila si kila gari isiyovuta ni tabo. Ikitoa moshi mweusi na unasikia upepo ssss ukikanyaga, angalia mipira ya hewa kwanza, mara nyingi imepasuka au klipu imelegea tu. Moshi wa buluu ndo oili inaungua, hapo tuzungumze shafti.

Basi nimemfungia tabo, paipu mpya, oili na fita mpya, nikaimiminia oili tundu ya juu na tukaizungusha kwa stata kwanza bila kuiwasha mpaka oili ikafika. Akaniuliza, mbona yule fundi mwengine hakunambia habari ya paipu? Nikamwambia mie sijui ya mwengine, lete pesa ya paipu.