Kukimbia na kusoma: maswali yanayojirudia kuhusu malengo, furaha na afya

Maswali haya yanaulizwa sana na watu wanaotaka kuanza kukimbia kwa kujifurahisha tu, sio kushindana, na wale wanaotaka kurudi kwenye vitabu baada ya miaka mingi ya kusoma meseji peke yake. Nimeyaweka pamoja sababu majibu yake yanagusana kuliko watu wanavyodhani.

Swali: Kwanini kukimbia na kusoma unaviweka kapu moja? Kimoja cha miguu kingine cha macho.

Kwasababu vyote viwili faida yake unaipata siku hiyohiyo. Angalia malengo mengi tunayojiwekea, furaha yake tumeiweka mbele huko, nikipata cheo, nikimaliza kujenga, nikipungua kilo kadhaa, alafu mtu akifika anafurahi wiki mbili tatu anazoea anaanza kukimbizana na kingine. Wanasaikolojia wameliona hili muda mrefu, akili ya binadamu inazoea kizuri haraka sana. Sasa mtu aliyekimbia dakika 20 asubuhi tayari ameshapata chake, hata kama lengo lake kubwa bado liko mbali, na aliyesoma kurasa 10 kabla ya kulala naye hivyohivyo.

Alafu kuna kitu kingine. Watafiti wawili, Edward Deci na Richard Ryan, wamefanya kazi miaka mingi kuelewa nini kinamfanya mtu aendelee na jambo kwa moyo wake mwenyewe, wakafika kwenye mahitaji matatu: mtu aone amechagua mwenyewe, aone anaweza na anazidi kuweza, na aone ana watu. Kukimbia na kusoma viwili vya kwanza vinavitoa bila shida, cha tatu unakitafuta kidogo, rafiki wa kukimbia naye jumamosi au mtu wa kubishana naye kuhusu kitabu. Usikidharau hicho cha tatu, wengi wanaoacha wanaacha kwasababu hamna mtu wa kuwauliza "vipi leo".

Swali: Ile raha inayokuja baada ya kukimbia ni ya kweli au watu wanajisemea?

Ni ya kweli kabisa. Ila maelezo tuliyozoea, kwamba ni endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu, yana kasoro. Endofini zinapanda kwenye damu ukikimbia, sawa, lakini ni molekuli kubwa, hazivuki kirahisi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliwapa wakimbiaji dawa inayoziba njia ambazo endofini hufanyia kazi, alafu wakawakimbiza dakika 45, na bado watu wakapata ile raha na wasiwasi wao ukashuka. Kwahiyo macho ya wengi sasa yako kwenye endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili unazitengeneza wenyewe, ni ndogo, zina asili ya mafuta na ubongoni zinaingia bila shida.

Usisubiri ulewe furaha lakini. Wengi wanachopata sio shangwe, ni utulivu, kichwa kinakuwa chepesi, yale mawazo yaliyokuwa yanazunguka yanapunguza mwendo. Na mwanzoni kabisa, wiki mbili za kwanza, unaweza usipate chochote zaidi ya kuhema, hiyo ni kawaida, mara nyingi maana yake unakimbia kasi kuliko uwezo wako.

Swali: Sijawahi kukimbia maishani, naanzaje?

Anza kwa kutembea. Dakika 20, siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Ndani ya hizo 20 kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia hivyo mpaka muda uishe. Wiki inayofuata ukijisikia vizuri ongeza kidogo ile ya kukimbia, ukijisikia umechoka baki hapohapo, hamna anayekudai. Kasi sahihi ni ile ambayo unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, ukishindwa kuongea punguza, hata kama mwendo wako unakaribia wa mtu anayetembea haraka.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo sababu ndipo wengi wanapoumia. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki chache unaona pumzi imekaa sawa, mtu anafurahi anaongeza kilomita mara mbili. Lakini kano na mifupa inazoea polepole mno, inahitaji miezi. Kwahiyo inafika wiki ya tano au ya sita pumzi inakwambia twende, muundi unawaka moto, kisigino kinauma ukishuka kitandani asubuhi. Ukifika hapo pumzika siku kadhaa, tembea badala ya kukimbia, ukirudi rudi chini ya ulipoishia. Na kama maumivu yako sehemu moja tu ya mfupa, ukibonyeza unaruka, na usiku yanaendelea hata umelala, acha kukimbia kabisa ukamuone daktari, inawezekana mfupa umepata ufa.

Viatu tafuta raba zinazokaa vizuri mguuni, zisibane vidole. Ya bei kubwa sio lazima.

Swali: Kiasi gani kinatosha kwa afya?

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, au ya nguvu dakika 75 mpaka 150, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kukimbia kunahesabika ni ya nguvu. Maana yake dakika 25 mara tatu kwa wiki umeshafika 75, basi. Na chini ya hapo sio bure, utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka 2014, wenye watu zaidi ya 55,000, ulikuta hata waliokimbia dakika 5 mpaka 10 kwa siku, tena polepole, walikufa wachache kuliko wasiokimbia kabisa. Utafiti wa namna hii unaonyesha vitu viwili vinaenda pamoja, sio uthibitisho kwamba kimoja ndo kimeleta kingine, lakini kwa mtu anayesema "muda sina kwahiyo bora niache" ni jibu zuri.

Swali: Nitaharibu magoti?

Hofu hii imewakalisha watu wengi mno na inaniuma, sababu ushahidi hauiungi mkono. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2017 yaliangalia ugonjwa wa kusagika kwa nyonga na magoti, wakakuta kwa wanaokimbia kujifurahisha ni kama asilimia 3.5, kwa wasiokimbia asilimia 10.2, na kwa wakimbiaji wa mashindano 13.3. Yaani wanaokimbia kujifurahisha, wa kawaida kama mimi na wewe, ndo wamekaa vizuri. Kama tayari una goti bovu au uliwahi kuumia vibaya hiyo habari nyingine, uliza kwanza.

Swali: Na kusoma kunafanya nini mwilini zaidi ya kupitisha muda?

Kitabu kinakulazimisha ukae na jambo moja. Simu inakuvuta vipande vipande siku nzima, ujumbe huu video ile, ikifika jioni umechoka na hujui umefanya nini, sasa ukisoma hadithi nusu saa akili inabeba majina, sababu, nani alimwambia nini sura ya pili, na wakati huo haina nafasi ya kurudia deni na ugomvi wa kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2016 walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 3,635 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 kwa miaka 12, wasomaji wa vitabu walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa kwa asilimia 20 katika kipindi hicho, hata baada ya kuzingatia elimu, kipato na afya ya mtu, na vitabu vilionyesha nguvu kuliko magazeti na majarida. Tahadhari ni ileile niliyosema juu, vinaenda pamoja, sababu haijafungwa.

Usiku soma karatasi ukiweza. Kwenye jaribio moja watu waliosoma kwenye skrini yenye mwanga kabla ya kulala walichelewa kusinzia kwa karibu dakika 10 kuliko waliposoma kitabu cha karatasi, na melatonini, homoni inayouambia mwili sasa ni usiku, ikashuka. Kama huna ila simu basi soma mchana, jioni punguza mwanga. Macho yakichoka kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20.

Swali: Kusikiliza vitabu nikiwa nakimbia kunahesabika?

Kunahesabika kama unafurahia. Sauti iwe chini uweze kusikia gari na watu, na penye giza au magari mengi toa kabisa masikioni. Ila acha siku moja moja ya kukimbia kimya, mawazo mengi mazuri yanakuja mtu akiwa hana anachosikiliza.

Swali: Nijiwekee lengo gani, vitabu vingapi kwa mwaka, kilomita ngapi?

Hapa ndo kiini chenyewe. Watu wanaanza na namba, vitabu 50, kilomita 1,000, apu ya simu inahesabu kila hatua, na namba mwanzoni inasaidia kweli, inakutoa kitandani. Shida inaanza namba ikigeuka bosi. Unaona mtu anachagua vitabu vyembamba ili hesabu ikamilike, kile kinene alichokuwa anakitamani miaka yote anakiruka, au anakimbia na homa ili mfululizo wa siku usikatike.

Kuna jaribio la zamani, 1973, watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora waliahidiwa zawadi wakichora. Baadae zawadi ilipoondoka, wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kile walichokuwa wanakipenda kilishageuka kazi. Na mtu mzima ndani yake hana tofauti kubwa na hao watoto.

Kwahiyo ushauri wangu, weka lengo la kitendo sio la matokeo. "Nitakimbia jumanne, alhamisi na jumapili kabla ya kuoga" ni bora kuliko "nitapungua kilo 8", sababu la kwanza liko mikononi mwako. "Nikipanda kitandani nafungua kitabu kabla ya kushika simu" ni bora kuliko idadi. Kulifunga jambo jipya kwenye jambo unalolifanya kila siku kunasaidia sana, akili haihitaji kubishana. Kama unataka pia lengo kubwa, mbio za kilomita 5 au vitabu vyote vya mwandishi mmoja, weka, ni raha kuwa na kitu cha kutazamia, ila jiulize swali moja: nisipofika, zile siku zenyewe zitakuwa zimenifaa? Ukisita, badili lengo mapema.

Na kitabu kisichokushika kiache, huna mtihani nacho.

Swali: Nani asianze bila kumuona daktari?

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, kisukari cha sindano, anayebanwa kifua au kupata kizunguzungu akifanya kazi nzito, mjamzito (wengi wanaruhusiwa ila uliza kliniki), na yule ambaye kwao watu wamekufa kwa moyo wakiwa bado vijana. Jim Fixx, Mmarekani aliyewavuta watu wengi kukimbia miaka ya 1970, alifariki mwaka 1984 akiwa anakimbia, umri miaka 52, na uchunguzi ukakuta mishipa ya moyo wake imeziba, baba yake naye alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Kukimbia kunalinda moyo lakini hakufuti ulichorithi. Ukibanwa kifua, maumivu yakaenda mkononi au tayani, jasho la baridi, simama hapohapo utafute msaada wa haraka.

Swali: Nina sonona, nikianza kukimbia naweza kuacha dawa?

Hapana, usiache mwenyewe. Mazoezi yanapunguza dalili za sonona kwa watu wengi na madaktari wengi wanayashauri pamoja na matibabu, sio badala yake. Mwambie anayekutibu umeanza, apange na wewe. Na siku ambayo kutoka nje ni mlima, kutembea dakika tano kunatosha, hujashindwa. Kama unapata mawazo ya kujidhuru mwambie mtu leo, usisubiri mpaka kesho.

Swali: Nikikatisha wiki mbili ndo basi tena?

Sio basi. Utafiti wa London wa 2010 kuhusu mazoea ulikuta ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuanza kujiendesha lenyewe, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wiki mbili pumzi inashuka kidogo tu. Ukirudi, wiki ya kwanza kimbia nusu ya ulichokuwa unakimbia, tembea katikati bila aibu, na kitabu rudi nyuma kurasa chache usome upya mpaka uwakumbuke watu wa kwenye hadithi. Kama uliacha kwa sababu ya homa subiri iishe kabisa kwanza, kama uliacha kwa kuchoka tu basi hata jioni hii inafaa.