Je, wajua kwa nini saruji uliyoishika miaka kumi inaweza kukuwasha leo?

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji usioacha kujengwa. Lava ya volkeno ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikaishia pembezoni, upande wa Buhene, na kila mara watu waliyavunja yale mawe meusi wakayapandisha tena ukutani kwa saruji. Kwa hiyo mikono inayoshika saruji hapa ni mingi: fundi, msaidizi wake, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, anayebeba mifuko huku vumbi likichanganyika na jasho la shingoni. Kati yao yupo anayeuliza: nimechanganya zege tangu ujana na sikuwahi kuumwa, mbona sasa vidole vinapasuka, vinawasha usiku, vinatoa maji? Jirani atamwambia amerogwa. Jibu liko ndani ya mfuko wa saruji, na ndani ya kinga ya mwili wake mwenyewe.

Saruji inaharibu ngozi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukali wake. Ikiloweshwa, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, ambapo maji safi ni 7) hufika 12 hadi 13, ilhali ngozi ya mtu iko karibu na 5. Ukali huo unayeyusha mafuta ya asili ya ngozi, na mchanga unaikwaruza. Huu ni mwasho wa kawaida, unampata yeyote, na mtu akipumzika hupungua.

Njia ya pili ndiyo inayojibu swali la miaka kumi. Malighafi ya saruji huwa na kidogo cha madini ya kromiamu. Katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, sehemu ya kromiamu hiyo hugeuka kuwa kromiamu sita, aina inayoyeyuka majini na kupenya ngozi, hasa ngozi iliyokwisha kuchubuliwa. Ikiingia inajishikiza kwenye protini za mwili, na protini hizo zinakuwa kama mgeni. Seli za ulinzi zilizo kwenye ngozi huzipeleka hadi kwenye tezi, na huko seli nyeupe za damu hujifunza kuzitambua. Kujifunza kwenyewe huchukua kama siku 10 hadi 14, lakini mtu anaweza kushika saruji miezi au miaka kabla mwili haujaanza. Ukishaanza, kumbukumbu hiyo kwa kawaida hukaa maisha yote. Ndiyo maana mtu aliyekuwa salama jana anageuka mgonjwa bila kubadilisha kazi wala saruji.

Kinachowapoteza wengi ni kuchelewa kwa dalili. Mzio wa namna hii hauji papo hapo. Hutokea siku moja hadi tatu baada ya kugusa. Fundi amemwaga zege Jumatatu, Jumatano yuko nyumbani anakula bugali na sombe (majani ya muhogo), vidole vinaanza kuwasha, na lawama zote zinaangukia sombe. Anaacha chakula, anarudi kwenye zege.

Hospitalini kuna kipimo chake, na wazo lake ni la mwaka 1895, la daktari Josef Jadassohn: kiasi kidogo cha kitu kinachoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi inaangaliwa, na kuangaliwa tena siku moja au mbili baadaye. Madaktari wa ngozi ni wachache nchini mwetu na vibandiko hivyo ni adimu, lakini kalenda inasaidia sana. Andika siku ulizogusa saruji na siku mikono ilipowaka. Usijijaribu kwa kujipaka saruji, utajiunguza.

Sasa tiba. Inapatikana Goma, na sehemu kubwa yake si ya bei kali, ila haifanyi kazi kama saruji bado inagusa ngozi. Hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu watu wanatumia fedha nyingi kwa pomade huku wakirudi kazini kesho yake mikono mitupu. Ngozi huonekana imepona mapema, lakini ukuta wake unahitaji wiki nyingi zaidi kujijenga. Kama huwezi kuacha kazi, omba upewe kupanga mawe au kupima, umwachie mwingine beleshi. Tenga bidoni moja ya maji safi ya kunawa tu. Maji ya pipa mnamosafishia miiko na makarai yenyewe yamekwisha kuwa makali kama saruji. Petroli na sabuni ya unga zinazidisha kidonda.

Glavu zinataka uangalifu. Zile za ngozi zinazouzwa mitumba mara nyingi ngozi yake imelainishwa kwa kromiamu, hivyo mwenye mzio anaweza kuvimba kwa kitu alichokivaa kujikinga. Boti za ngozi pia. Glavu za nitrili, aina ya mpira wa kiwandani, ni bora, na saruji ikiingia ndani, vua mara moja, maana imefungiwa pamoja na ngozi yako.

Mkono mkavu unaopasuka unapenda vazelini tupu isiyo na manukato, mara kadhaa kwa siku na kila baada ya kunawa. Mkono unaotoa maji unahitaji kwanza kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Uvimbe na mwasho hutulizwa na pomade ya steroidi. Kwa kiganja, ambacho ngozi yake ni nene, muuguzi au daktari huweza kuandika yenye nguvu, kama betamethasoni au klobetasoli, kwa wiki chache tu. Kipimo ni rahisi: kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza. Ni nusu gramu hivi, na inatosha viganja viwili vya mtu mzima.

Hapo ndipo hatari ya sokoni inapoanza. Klobetasoli hiyohiyo imo katika krimu nyingi za kung'arisha ngozi, na kuna tyubu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, zinazouzwa kwa kila aina ya upele. Mwasho unatulia siku tatu, mtu anaendelea miezi, ngozi inakuwa nyembamba na kupauka, na kama kilichokuwapo ni fangasi, kinaenea kimyakimya. Ndimu na kitunguu saumu vinaunguza, na ndimu ikipigwa na jua huacha madoa meusi ya muda mrefu.

Tena si kila upele ni saruji. Ukiwasha usiku katikati ya vidole na nyumba nzima inajikuna, fikiria upele wa kuambukiza, ambao hutibiwa kwa familia yote. Mkono mmoja tu wenye magamba, pamoja na miguu, huenda ni fangasi. Malengelenge yenye homa na tezi zilizovimba yapelekwe kituo cha afya upesi: aina mpya ya mpox (homa ya nyani) iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, na Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Na fundi aliyepiga magoti kwenye zege mbichi akaona ngozi inageuka nyeusi saa chache baadaye ameungua. Aoshe kwa maji mengi, aende hospitali siku hiyohiyo.

Denmark ilianza mwaka 1981 kutia salfeti ya chuma kwenye saruji ili kuipunguza nguvu kromiamu sita, na tangu 2005 Umoja wa Ulaya hauruhusu ipite miligramu 2 kwa kilo moja ya saruji. Naamini fundi wa Goma anastahili kinga ileile, na wanaotuuzia saruji waulizwe.

Ukifika kituo cha afya, taja kazi yako kabla ya kuonyesha mkono, na beba tyubu ya kila ulichopaka, hata ikiwa imeisha. Jina lililoandikwa ubavuni humwonyesha muuguzi kama ngozi anayoiangalia imekwisha kubadilishwa na steroidi.